Difu ya kuchomelewa: nafuu ya matope, hasara ya lami

Masika yakikaribia, mazungumzo kwenye gereji za miji ya mipakani hugeukia jambo moja: gari litapitaje kwenye matope likiwa na mzigo. Hapo ndipo mfanyabiashara mwenye pikapu ya 4x4 huambiwa kwamba dawa ni rahisi. Difu ya nyuma inafunguliwa, gia za ndani zinachomelewa ziwe kitu kimoja, difu inarudishwa mahali pake, na kuanzia siku hiyo magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka pamoja, yatake yasitake. Ni kazi ya siku moja, na gharama yake ni ya fundi na vijiti vya kuchomelea.

Ahadi hiyo si ya uongo. Gari hilo litapita mahali ambapo jana lilikwama. Tatizo ni kwamba safari ya mfanyabiashara haiishii kwenye tope.

Chukua mfano wa mpunga unaotoka Bonde la Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Mzigo unaanzia shambani, kwenye udongo mzito unaonata. Kisha gari linapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Sumbawanga, kona juu ya kona. Kutoka Sumbawanga hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni lami kwa zaidi ya kilomita 200. Safari ni moja, barabara ni tatu. Kwenye tope, difu iliyofungwa ni rafiki. Kwenye kona za mlimani wakati wa mvua, ni hatari. Kwenye lami, inakula matairi na shafti.

Hali hiyo inamkuta pia anayetoa kahawa, maharage au samaki vijijini na kuvipeleka Mpondwe, Elegu, Rusumo, Kabanga au Busia. Kabla ya kumkabidhi fundi difu, inafaa kujua kifaa hicho kinafanya kazi gani, kinapofungwa moja kwa moja kinapoteza nini, na kuna njia gani nyingine.

Kwa nini gari lina difu

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Tofauti hiyo inaweza kupigiwa hesabu. Kama magurudumu ya nyuma yameachana kwa mita 1.5, kona ya robo duara humlazimu wa nje kusafiri karibu mita 2.4 zaidi ya wa ndani. Kona ya kugeuka na kurudi ulikotoka, kama zile za milimani, ni karibu mita 4.7. Haijalishi kona ni pana au nyembamba. Tofauti ni ile ile.

Kazi ya difu ni kuruhusu tofauti hiyo. Ndani yake kuna gia ndogo zinazogawa mzunguko ili gurudumu moja liende kasi na jingine lipunguze, huku yote mawili yakiendelea kusukumwa na injini. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa, ndiye anayetajwa kuwa alibuni mtambo wa namna hii kwa ajili ya gari la mvuke mwishoni mwa miaka ya 1820. Karibu karne mbili zimepita, na difu iliyo chini ya Hilux bado inafuata wazo hilo.

Kwa nini 4x4 hukwama

Udhaifu wa difu ya kawaida ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa. Ikishindwa kutoa nguvu upande mmoja, haiwezi kuongeza upande wa pili.

Tuseme gurudumu la kushoto liko kwenye tope na linaweza kushika kwa nguvu ya kilo 50 tu kabla ya kuteleza. La kulia liko kwenye ardhi ngumu na lingeweza kushika kwa kilo 500. Difu ya kawaida itatoa 50 kushoto na 50 kulia, jumla 100. Gari halitoki. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, gurudumu la kushoto linazunguka bure na kuchimba shimo, na la kulia linatulia kama halihusiki.

Difu ikifungwa, magurudumu yote mawili yanalazimika kuzunguka pamoja. La kushoto linatoa kilo zake 50, la kulia linatoa hadi 500, jumla 550. Gari lile lile, tope lile lile, lakini sasa linatoka.

Ndiyo maana gari la 4x4 lisilo na loki ya difu linaweza kukwama huku magurudumu mawili tu yakizunguka, moja la mbele na moja la nyuma. Lugha ya matangazo husema magurudumu manne yanavuta. Kwenye tope, manne hayo yanaweza kugeuka mawili.

Spuli na difu ya kuchomelewa

Njia ya moja kwa moja ya kuondoa udhaifu huo ni kuiondoa difu yenyewe. Spuli ni kipande kigumu cha chuma kinachowekwa mahali pa kasha la gia za difu. Krauni inafungwa juu yake, na hafushafti mbili zinaingia humo kila moja upande wake. Hakuna gia ndogo, hakuna sahani, hakuna swichi. Ipo pia spuli ndogo, inayoingia ndani ya kasha la zamani badala ya zile gia ndogo.

Difu ya kuchomelewa ni spuli ya maskini. Matokeo barabarani ni yale yale, lakini uimara haufanani. Gia za difu zimetengenezwa kwa chuma kilichokazwa kwa joto, na chuma cha namna hiyo hakipendi kuchomelewa. Kikipoa vibaya kinapata nyufa. Kipande kikikatika na kuingia kati ya krauni na pinioni, difu inaweza kujifunga ghafla gari likiwa katika mwendo. Spuli iliyotengenezwa kiwandani haina hatari hiyo kwa kiwango hicho, kwa kuwa ni kipande kimoja kilichochongwa kwa kazi hiyo.

Spuli ina sifa zake na haifai kudharauliwa. Ni imara, ina sehemu chache za kuharibika, na dereva anajua wakati wote gari litafanya nini. Ndiyo maana hupendwa kwenye magari ya mashindano ya kupanda miamba, hasa Marekani, ambako gari hupelekwa uwanjani juu ya trela na kurudishwa nyumbani juu ya trela. Afrika Mashariki ina mashindano yake, Rhino Charge ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare. Mshindi huko ni anayefika vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi, hata kama ni kupitia korongoni. Katika mchezo wa namna hiyo, kupita ni kila kitu.

Spuli inaweza pia kufaa gari la shamba lisilotoka shambani. Gari la biashara ni jambo jingine. Linabeba mzigo, linapita lami, na linatakiwa kurudi kesho.

Hesabu ya kona

Turudi kwenye ile tofauti ya mita 2.4 kwa kila kona ya robo duara. Kwenye difu ya kawaida, gia ndogo ndizo zinazoilipa. Kwenye spuli hakuna gia za kuilipa, kwa hiyo inalipwa na mpira wa matairi.

Tairi la 7.50R16, linalotumika sana kwenye Land Cruiser za kazi, lina mzunguko wa karibu mita 2.5. Maana yake ni kwamba kila kona ya robo duara, matairi mawili ya nyuma yanaburuzana kwa karibu mzunguko mzima wa tairi moja. Mlima wenye kona 20 za kugeuka na kurudi ni karibu mita 94 za kuburuza, kupanda tu. Ukishuka, ni nyingine kama hizo.

Kwenye tope au mchanga, kuburuza huko hakuna madhara makubwa, ardhi inaachia. Kwenye lami kavu ardhi haiachii. Kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo tairi linavyong'ang'ania lami, na nguvu ya kulazimisha tairi liburuzike inapita kwenye hafushafti. Matokeo ni kashata za matairi zinazoisha mapema, usukani unaotaka kwenda moja kwa moja wakati dereva anakata kona, na shafti zinazopindwa kila siku hadi siku moja zinapochoka.

Lami yenye maji ina hatari yake. Gari lenye difu ya kawaida likipewa mafuta mengi kwenye kona ya utelezi, mara nyingi gurudumu moja la nyuma huteleza na la pili hubaki limeshika, likiizuia nyuma ya gari isiende pembeni. Kwa spuli, yote mawili yanaweza kuteleza kwa pamoja, na nyuma ya gari inaondoka. Pikapu yenye tani ya mzigo na utingo wawili juu yake, ikishuka mlima wakati wa mvua, si mahali pa kujifunza jambo hilo.

Hafushafti ikikatika

Difu ya kawaida, kwa kugawa nguvu sawa, hulinda hafushafti bila dereva kujua: hakuna shafti inayobeba zaidi ya nusu. Ekseli iliyofungwa inaweza kupeleka karibu nguvu yote kwenye shafti moja, pale gurudumu moja linapokuwa hewani na jingine limebanwa kwenye jiwe.

Hapa aina ya ekseli ina maana kubwa. Land Cruiser pikapu za kazi na Land Rover Defender zina ekseli ya nyuma ambayo uzito wa gari unabebwa na habu na beringi zake. Hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Tena, gari lenye spuli na ekseli ya aina hii linaweza kuendelea polepole kwa shafti iliyobaki, jambo ambalo difu ya kawaida haiwezi.

Hilux na pikapu nyingi za ukubwa wake hazijatengenezwa hivyo. Hafushafti ya nyuma ndiyo inayobeba pia uzito wa gari upande huo. Ikikatika mahali pabaya, gurudumu linaweza kutoka pamoja na kipande cha shafti. Mwenye Hilux anayefikiria kuchomelea difu anapaswa kulijua hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Njia nyingine zilizopo

*LSD.* Hii ni difu yenye sahani za msuguano ndani yake, zinazopunguza uwezo wa gurudumu moja kuzunguka bure. Magari mengi yaliyotumika, zikiwemo Nissan Patrol na baadhi ya Land Cruiser, hufika Afrika Mashariki yakiwa nayo bila mnunuzi kujua. Inasaidia kwenye utelezi mdogo, haifanyi kelele, na kwenye lami haisumbui. Gurudumu likiwa hewani kabisa, msaada wake ni mdogo. Sahani huisha kadiri miaka inavyopita, na difu hiyo inahitaji mafuta yake maalumu. Ukiona kibandiko chenye herufi LSD kwenye ekseli, usikubali iwekewe mafuta yoyote yaliyopo dukani.

*Loki ya kujiendesha.* Hii hujifunga yenyewe dereva anapokanyaga mafuta na kuachia gurudumu la nje linapotaka kwenda kasi kwenye kona. Detroit Locker ya Marekani ndiyo yenye jina kubwa. Ni imara na haina waya wala mrija wa hewa. Kasoro yake ni kwamba dereva hachagui wakati. Kwenye kona husikika ikigonga, na ikijifunga ghafla katikati ya kona yenye utelezi gari hurushwa pembeni kidogo. Dereva aliyeizoea anaimudu. Dereva wa kukodi anayeshika gari kwa mara ya kwanza anaweza kushtuka.

*Loki ya swichi.* Hii ni difu ya kawaida kabisa hadi dereva atakapobonyeza. Inaweza kufungwa kwa umeme, kwa hewa au kwa waya. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 na 80 zilizotoka kiwandani na loki zina swichi ya kuzungusha kwenye dashibodi, yenye alama za OFF, RR kwa nyuma, na FR RR kwa mbele na nyuma pamoja. Loki ya hewa ya kampuni ya ARB ya Australia, inayotumia kompresa ndogo, ni maarufu kwa magari ambayo hayakutoka nayo kiwandani. Ni njia ghali na inahitaji fundi anayejua kupanga krauni na pinioni kwa vipimo. Faida yake ni kwamba mrija wa hewa ukipasuka njiani, difu inarudi kuwa ya kawaida na safari inaendelea.

*Breki za kompyuta.* Prado na Hilux nyingi za karibuni zina mfumo unaobana breki ya gurudumu linalozunguka bure, ili nguvu ihamie upande wa pili. Hufanya kazi vizuri kwenye utelezi wa kawaida bila dereva kugusa kitu. Kwenye tope refu breki hupata joto, na gari hutoka kwa kusitasita.

Kwa mtu anayepita tope, mlima na lami katika safari moja, loki ya swichi kwenye ekseli ya nyuma ndiyo inayofaa barabara zote tatu. Tofauti yake na spuli ni kitufe, na kitufe hicho ndicho kinacholipiwa.

Ukiwa na loki, itumie hivi

Wengi hufunga loki wakiwa wameshakwama, gurudumu likizunguka kwa kasi. Hapo ndipo meno huvunjika. Funga kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa. Taa ya dashibodi ikiwa bado inawaka na kuzima, loki haijaingia; sogeza gari kidogo mbele au nyuma hadi taa itulie. Katika magari mengi loki hukubali tu transfa ikiwa kwenye gia ya chini, yaani 4L, na mara nyingi mfumo wa ABS huzimwa wakati huo.

Ukishika ardhi ngumu, fungua. Loki ikikataa kuachia, nyoosha usukani na urudi nyuma kidogo. Loki ya mbele itumie kwa kwenda mbele tu. Ikiwa imefungwa, usukani unakuwa mzito na gari halikati kona. Mwenye gari lenye habu za mbele za kufunga na kufungua kwa mkono ana usalama wa ziada, kwa sababu habu zikiwa wazi ekseli ya mbele haisukumwi kabisa akiwa barabarani.

Jambo moja madereva wengi hulijua baada ya ajali: kwenye njia iliyoinama upande, loki inaweza kulitelezesha gari bondeni. Magurudumu yote mawili yakizunguka bure kwa pamoja, hakuna linalobaki kulishikilia gari juu. Sehemu kama hiyo mara nyingi hupitika salama zaidi loki ikiwa wazi na mwendo ukiwa wa taratibu.

Wenye Fuso, Scania na malori mengine yenye loki ya difu wanafuata kanuni hiyo hiyo. Loki iliyosahaulika kwenye lami huvunja difu ya lori kama inavyovunja ya pikapu, na bei ya krauni ya lori inajulikana.

Unaponunua gari lililotumika

Magari hubadilisha mikono na mipaka, na si kila muuzaji atasema difu iliwahi kuchomelewa. Kuna kipimo cha dakika chache. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au mbao, inua ekseli ya nyuma hadi matairi yote mawili yaache ardhi, na uliweke gari juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Zima injini, ingiza gia, achia breki ya mkono. Sasa zungusha tairi moja kwa mkono. Difu ya kawaida: tairi la pili linazunguka kinyume. LSD nzima: tairi linakataa lakini kwa nguvu nyingi linakubali. Spuli au difu ya kuchomelewa: ukiondoa mchezo mdogo wa gia, halizunguki kabisa.

Kipimo cha pili ni cha barabarani. Kata kona ya mwisho wa usukani polepole kwenye eneo gumu. Matairi ya nyuma yakilia na gari likaruka-ruka, kuna kitu kimefungwa. Mwisho, fungua nati ya mafuta ya difu. Mafuta yenye vipande vya chuma yanasema jambo moja. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yanasema maji yameingia, pengine kwenye kivuko cha mto.

Mnunuzi aangalie pia upande wa bima. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika pia Tanzania, inahusu madhara anayopata mtu wa tatu ukiwa nje ya nchi yako. Haimaanishi kwamba gari lako na mzigo wako vimelindwa. Mwenye bima kubwa anapaswa kumweleza wakala wake mabadiliko yoyote ya difu kwa maandishi, kabla ya ajali, kwa kuwa baada ya ajali swali hilo litaulizwa na mtu mwingine.

Pesa ikiwa haitoshi

Loki ya swichi si ya kila mfuko. Kabla ya kukimbilia kuchomelea, kila mfanyabiashara anaweza kupiga hesabu kwa bei za mji wake. Andika bei ya matairi mawili ya nyuma na uikadirie kuisha mapema. Ongeza hafushafti moja na ufundi wake. Ongeza siku mbili za gari kusimama upande wa pili wa mpaka, spea zikisubiriwa na nyanya zikiiva juu ya gari. Linganisha jumla hiyo na bei ya loki. Kwa anayesafiri kila wiki, tofauti mara nyingi ni ndogo kuliko alivyodhani.

Kama bado haiwezekani, difu ya kawaida iliyo nzima pamoja na vifaa vya kujitoa ni bora kuliko difu iliyochomelewa. Koleo, mbao mbili ngumu, jeki ndefu na kamba nzuri ya kuvutia hutatua mengi. Matairi yenye kashata za kutosha yana maana kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu loki haiwezi kuongeza mshiko ambao tairi kipara halina. Kupunguza upepo wa matairi husaidia kwenye mchanga na tope, lakini gari lenye mzigo mzito lipunguziwe kidogo tu, liendeshwe taratibu, na lijazwe tena kabla ya kuingia lami. Pampu ya mkono au kompresa ndogo iwe ndani ya gari.

Iko pia mbinu ya zamani isiyogharimu chochote. Gurudumu moja la nyuma likizunguka bure, vuta breki ya mkono kidogo huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki hulibana gurudumu lililo hewani, na difu ya kawaida inalazimika kupeleka nguvu upande wa pili. Inafanya kazi kwenye magari ambayo breki ya mkono inabana magurudumu ya nyuma, kama Hilux. Kwenye Land Rover Defender haisaidii, kwani breki yake ya mkono inabana shafti kubwa inayotoka kwenye transfa, kabla ya kufika kwenye difu.

Na pale ambapo hakuna mbinu inayotosha, njia ya mwisho ni ile wanayoijua utingo wote: kushusha nusu ya mzigo, kuvusha gari, na kurudi kuubeba. Ni kazi ya saa mbili au tatu. Gari linafika mpakani likiwa na difu yake, shafti zake na watu wake.